Mayai Mia na Ishirini na Jenereta ya Bi Maelekezo

Mtaani walimwita Bi Maelekezo, na wala hakuudhika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga chapa wa ofisi, na kila karatasi iliyopita mikononi mwake aliisoma hadi nukta ya mwisho. Alipostaafu, tabia haikustaafu naye. Alisoma karatasi za dawa, maandishi ya mifuko ya mbolea, hata kitambaa kidogo kilichoshonwa nyuma ya godoro. Mumewe, dereva wa malori wa zamani aliyeitwa Tani Kumi kwa kazi na kwa umbo, alikuwa akisema mkewe akipewa kiberiti atauliza kitabu chake kiko wapi.

Asubuhi hiyo Bi Maelekezo aliamka na furaha ya mtoto anayesafiri. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, ya kwanza maishani mwake, na ndani yake mayai mia na ishirini yaliyotimiza siku ishirini na moja. Alipiga magoti, akabandika pua kwenye kioo. Yai moja likatikisika. Jingine lilikuwa na kitundu, na kwenye kitundu kidomo kikisukuma. Akacheka peke yake.

"Baba watoto, njoo uone. Wanabisha hodi."

Tani Kumi hajafika mlangoni, taa ya mashine ikazimika. Friji jikoni ikanyamaza. Redio za majirani nazo kimya.

Stoo kulikuwa na jenereta, zawadi ya binti yao, haijawahi kuwashwa. Manyunyu yalikuwa yakianguka, kwa hiyo Tani Kumi akaikokota mpaka kwenye korido, akajipangusa mikono kama aliyemaliza kazi.

"Itoe humo," mkewe alisema. Kijitabu cha jenereta alikuwa nacho kwapani. Alikwisha kukisoma mara tatu.

"Mvua hii, mke wangu. Nitafungua dirisha."

"Hata ufungue madirisha yote na milango. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu. Unasikia kizunguzungu kidogo, usingizi kidogo, ndiyo imetoka hiyo. Leo nina wageni mia na ishirini, sina nafasi ya msiba."

"Basi niiweke mvuani?"

"Mvuani itatupiga shoti. Kule."

Akaonyesha kibanda cha kuanikia nguo mwisho wa ua: bati juu, pande zote nne wazi, sakafu kavu. Akahesabu hatua kutoka dirishani, akafika ishirini, akaridhika. Bomba la moshi akaligeuza litazame uwanja mtupu. Tatizo likawa waya. Waliokuwa nao uliishia katikati ya ua.

Akapigiwa simu wifi yake, dada wa Tani Kumi, aliyekaa nyumba ya pili. Alikuja mbio, ndala mguu mmoja, shingoni bunda la waya mnene kama shada la bibi harusi. Bi Maelekezo akaupitisha waya wote vidoleni, akitafuta palipochubuka.

"Wifi, mayai yanapoa."

"Ndiyo maana naangalia."

Wakati huo Tani Kumi alipata wazo. Alitoka na kipande cha waya alichokitengeneza mwenyewe, plagi huku na plagi huku. Angekichomeka upande mmoja kwenye jenereta, mwingine ukutani, nyumba nzima iwake, na mpira autazame.

Mkewe akamnyang'anya, akakiweka kwenye kiti, akakikalia.

"Umeme huo utatoka humu ndani urudi mpaka kwenye nguzo. Kuna mtu huko ameshika waya, anajua umekufa."

"Inuka basi, nilikuwa natania."

"Siinuki."

Tani Kumi akaenda kumalizia hasira kwenye kamba ya kuwashia. Akavuta mara kumi na moja. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Shati likamtoka kiunoni.

"Koki ya petroli umeifungua?" mkewe akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Wifi alicheka hadi akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, na Tani Kumi, baada ya kununa kidogo, naye akaanza kutikisika tumbo. Mvuto wa kumi na mbili ukaiwasha. Wakaiacha ingurume dakika chache itulie, ndipo wakachomeka mashine ya mayai, na mashine peke yake.

Kifaranga wa kwanza alitoka amelowa kama soksi iliyofuliwa. Akaanguka kifudifudi, akainuka, akaanguka tena juu ya mwenzake aliyekuwa bado na ganda kichwani. Watu wazima watatu wakapigana vikumbo mbele ya kioo kidogo.

Kufika mchana petroli ikawa inaelekea kwisha. Tani Kumi akabeba dumu.

"Zima kwanza, ipoe," mkewe akasema. "Petroli ikidondokea injini ya moto, tutakula kuku wa kuchoma kabla hawajakua."

Wakafunika mashine kwa blanketi, wakangoja. Dakika kumi na tano hizo wifi aliyaimbia mayai nyimbo za kulaza watoto, zote kwa sauti mbaya.

Ndipo kichwa chenye kofia ngumu kikatokea juu ya ukuta. Alikuwa fundi wa umeme, akitoka kushughulikia nguzo iliyo nyuma ya nyumba.

"Nilisikia jenereta. Mmeiunganisha na waya za nyumba?"

Tani Kumi akaangalia viatu vyake.

"Hapana," Bi Maelekezo akajibu. "Inalisha mayai tu."

"Asante sana, mama. Mikono yangu iko pale tangu asubuhi."

Fundi alipoondoka, Tani Kumi alisimama kidogo akiitazama nguzo. Kisha akachukua mkasi, akakikata kile kipande cha waya vipande vinne. Jenereta ilikuwa imepoa. Akaijaza taratibu, bila kumwaga hata tone, akaiwasha kwa mvuto mmoja, akageuka kuona kama mkewe ameona.

Umeme ulirudi saa kumi. Fundi aliita mara mbili tatu kutoka nje ya geti kuwajulisha, lakini hakuna aliyeitika. Vifaranga tisini na wanne walikuwa wamekwisha kutoka, na wale watu wazima watatu walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni mbele ya kioo, wakibishana kifaranga yupi amefanana na Tani Kumi.