Nilimshauri mkimbizi afiche kauli yake kuhusu Marekani

Wakuu, heshima kwenu. Naona jukwaa limechafuka kwa mijadala ya Marekani: ushuru, wageni, misaada. Ngoja niweke la kwangu. Sio chai, ni aibu yangu mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kinyozi Greyville, Durban, Mtanzania peke yangu kwenye saluni ya Wakongo.

Kinyozi wa kioo cha pili, jirani yangu, alikuwa Papa Dieudonné, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu. Mkewe na binti yao walishatangulia Marekani kama wakimbizi. Yeye alikuwa anasubiri interview ya Wamarekani ili awafuate.

Siasa za Marekani tulizichambua kuliko wenyewe. Rais wao ang'oke au abaki? Wapunguze misaada kwa maskini? Kwa nini warushe mabomu nchi za watu? Mteja alikuwa anamaliza kunyolewa na haondoki.

Papa Dieudonné pekee ndiye aliyekuwa hachangii. Ukiiponda Marekani, anaongeza sauti ya redio. Kwao kuta zilikuwa na masikio kweli, na huingii ofisi ya mkubwa bila kumsifu mkubwa.

Wiki moja kabla ya interview akaniambia siri. Kilichomfunga jela ni kauli aliyoitoa mbele ya wanafunzi wake: kwamba Marekani ndiyo iliyomlea dikteta wao miaka yote ile.

Mimi mjuaji nikamwambia akiri kifungo, sababu aifiche. Unaombaje hifadhi kwa mtu huku unamwambia ndiye aliyekuharibia nyumba? Akaona nina akili.

Alirudi kutoka kwa afisa wa Kimarekani amenyong'onyea.

"Ule mama aliniuliza mara tatu juu ya nini walinifunga. Nikasema, bure tu. Akafunga dossier, ile faili yangu."

Barua ikaja: ombi limekataliwa, maelezo hayaaminiki. Ilikuwa ya Kiingereza, hivyo niliyemsomea ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Akakata rufaa. Safari hii aliandika yote kwa mkono wake, kwa French, bila kunionyesha. Baada ya miezi mingi akaitwa, akamkuta mama yule yule. Alivyotusimulia, mama alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Aliniambia: kwetu watu wanasemaka hivi kila siku, hata bungeni. Juu ya nini haukuniambia tangu siku ya kwanza?"

Akapita.

Wakuu, simsafishi Mmarekani. Yule dikteta walimlea kweli. Lakini sisi tulishabikia mijadala yao kama mpira, bila kuamini kwamba kwao mtu anaweza kuisema serikali mbele ya afisa wa serikali na akatoka salama. Hofu ya kwetu tulisafiri nayo, na mimi nikaiuza kama ushauri.

Alipofika alipiga simu saluni. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu kwamba binti yake sasa anaongea Kiingereza kitupu, na mama mtu ndiye anayewatafsiria.

Karibu mwaka mzima wa baba na mtoto niliula mimi.

Kama nawe uliwahi kumpotosha mtu kwa nia njema, tiririka hapa chini. Unaishi nalo vipi?