Ramani ilisema Lingeka pakavu

Leo kijijini Lingeka nimekuta pamba imeota vizuri, pale pale nilipowakataza watu wasipande.

Mimi ndiye bwana shamba wao. Wiki mbili zilizopita niliwatumia ramani ya satelaiti kwenye kundi la WhatsApp. Nyekundu tupu, yaani udongo mkavu.

Nikaandika: subirini. Wakasubiri.

Isipokuwa Mayu Kabula, mama mmoja wa hapo kijijini. Yeye alichimba kwa jembe, akabana udongo kiganjani, akaona unashikana, yaani bado una unyevu. Akapanda.

"Simu yako haichimbi, baba," ameniambia leo. Wala hakucheka.

Mashamba ya majirani zake ni matupu, na mvua imekata.

Nikampigia jamaa wa Bariadi anayenitumia hizo ramani. Anasema chombo cha huko juu kinapima mawimbi dhaifu sana yanayotoka ardhini. Mawimbi ya satelaiti za biashara yakiingia humo, kinaona udongo umekauka kumbe una maji.

"Na ramani nyingine ulizonitumia?"

Akajibu:

"Makosa mengine huwa tunayagundua. Ila hizo satelaiti zinaongezeka, kaka."

Nikiwa bado shambani, ramani mpya ikaingia. Nyekundu tena, mpaka Mwanhuzi mjini.

Safari hii sijui kama ni ukame kweli au ni yale mawimbi. Wafugaji wanauliza kama waanze kuhamisha ng'ombe.

Ungekuwa wewe ungewajibu nini?

Ujumbe wa mwisho kundini unasema: "Bwana shamba, tunakusubiri wewe. Utakachosema ndicho tutafanya, kama siku zote."