Malkia wa Shaba Mwenye Kofia

Siku hizi mtu hununua kabati la vioo, watu wakamsifu. Zamani zetu, kabla Wadachi hawajaishika Bagamoyo, heshima ya nyumba ilikuwa ukutani. Zidaka za sebuleni, vile vishubaka vya ukutani, zilipangwa sahani za Kichina, na zikiwa tupu mwenye nyumba hakuweza kuuficha umaskini wake. Zangu zilikuwa kumi na mbili, tupu zote. Marehemu baba alizijaza. Mimi niliuza sahani baada ya sahani, nikanunua vitabu ambavyo nusu yake sikuvielewa.

Mwaka wa 1886 nilipeleka posa kwa Shaikha binti Humoud. Jibu likaja kwamba shangazi yake, Bi Zeyana, atapita Alhamisi kuitazama nyumba.

Jumatatu maji yalipokupwa, jirani yangu Mwajabu alikwenda kuokota kome, akarudi na sanamu ya shaba: mwanamke ameketi juu ya ua, mikono minne, mmoja umekatika. Akasema ni mungu wa Mabanyani. Akivunjika hawamwabudu tena, humtia baharini. Nikamwambia aache mambo ya wasiosoma, huyo ni malkia wa kale wa Bara Hindi. Hakuuliza nimesoma kitabu gani, namshukuru mpaka leo. Nikampa kikapu cha muhogo, nikamsugua malkia kwa ndimu na mchanga hata akang'aa, nikamweka kidaka cha kati.

Jumatano nafsi ikanisuta. Nyumba ya Mwislamu, na sanamu imekaa sebuleni! Lakini nikimwondoa, utupu ungerudi. Nikamvika kofia yangu ya bulibuli ili aonekane kama mtu wa nyumbani.

Bi Zeyana akaja, nikamwamkia, akaketi. Mwajabu, aliyekuja kunisaidia, akamimina kahawa. Nikaanza habari za malkia, zikawa ndefu kuliko nilivyozijua. Mgeni akanywa vikombe viwili, macho hayabanduki kwenye kidaka.

"Msabaha, huyu amesilimu lini?"

"Hajasilimu, Bi Zeyana. Ni pambo tu."

"Na kofia?"

"Baridi," nikasema.

Jasho lilikuwa likinitiririka. Mwajabu akakimbilia uani na buli lake, tukamsikia anavyocheka huko. Bi Zeyana hakucheka.

"Mwanangu, ungeniambia sahani huna, ningekwenda kusema kijana ni maskini lakini mkweli, na kaka yangu angekubali. Shaikha mwenyewe alikuwa radhi. Sasa nikaseme nini?"



Shaikha akaolewa Saadani kabla ya Ramadhani. Mimi nilikuja kumwoa Tabia wa Kiwangwa. Watu wake hawakuuliza habari za zidaka. Walitaka tu kuona jembe la mchumba. Nikawaonyesha moja zuri, jipya, na wote wakaridhika. Nililiazima njiani.