Makumbi Ubavuni mwa Tuta

Tuta letu lilikuwa la udongo mtupu, lililofika kifuani mwa mtu mzima. Liliziba koo la bonde pale vilima viwili vinapokaribiana, ukitoka Konde kwenda upande wa Shumba. Kabla ya kujengwa, kila masika maji ya vilimani yalishuka kwa pamoja na kuung'oa mpunga uliokwisha kushika. Kazi ya tuta ilikuwa kuyazuia maji hayo, kisha kuyaachia kidogo kidogo kupitia gogo la mnazi lililotobolewa, ambalo tulililaza chini kabisa. Halikujengwa kwa jambo jingine lolote.

Tulilijenga wenyewe wakati wa kaskazi, ardhi ilipokuwa kavu. Wanaume walichimba dongo jekundu na kulibeba kwa mapakacha. Wanawake walileta michi yao ya kutwangia, wakalishindilia tabaka juu ya tabaka. Shangazi yangu, mjane niliyekuwa nikiishi kwake nikisoma skuli, alivunja mchi wake pale na hakulalamika. Jaruba lake la mpunga lilikuwa la kwanza chini ya tuta, na hakuwa na jingine. Likipona, tunakula wali mpaka vuli, lisipopona, muhogo.

Masika ya kwanza tuta lilisimama. Maji yalijaa nyuma yake, yakatoka kwa adabu, na shangazi akavuna.

Yaliyofuata siwezi kuyaandika bila kinyaa.

Kwetu kamba hutokana na makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani miezi mingi mpaka nyama yake ioze na nyuzi zake zilegee, ndipo yafukuliwe, yapigwe kwa gongo, na usumba, yaani nyuzi hizo, usukwe. Ni kazi ya uvundo, na ndiyo sababu waliotutangulia waliiweka pwani, ambako bahari hupanda na kushuka ikaosha. Lakini pwani ni mbali, na tope la ubavuni mwa tuta lilikuwa karibu na milango ya watu. Aliyeanza kufukia makumbi yake pale simjui. Wa pili alimwona wa kwanza, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuulizana.

Maji ya nyuma ya tuta yakawa meusi, na juu yake ukatanda utando kama mafuta ya taa. Ukikanyaga ukingoni, mapovu yalipanda na kupasuka kwa harufu ya yai viza. Funza walitembea juu ya udongo ambao wanawake wetu walikuwa wameushindilia kwa michi. Waliofukia walichimba, waliofukua wakachimba zaidi, na shimo lililobaki lilizibwa kwa teke moja la tope. Nilichomeka fimbo ubavuni mwa tuta, ikazama yote bila kushindana nami.

Nikamwendea jirani yetu, msuka kamba.

"Jirani, mnalitoboa tuta."

"Nani katoboa? Mie n'mechokora tu, tena pembeni."

"Na wenzio?"

"Wenzangu kawaulize wao. Na kumbi lenyewe linajaza, weye! Si kitu kizima kile?"

"Likitolewa je?"

"Dongo litajirudi." Akacheka, akawageukia waliokuwa kibarazani pake. "Huyu na vitabu vyake! Tuta si chungu, hata uligonge usikilize limepasuka wapi."

Walicheka wote. Shangazi naye alikwenda. "Wanangu, chakula changu kiko chini ya tuta lile." Wakamjibu, "Ndiyo, Bi Mkubwa," kwa heshima kamili, na jioni ile ile nikaona mapakacha mengine yakiteremshwa bondeni.

Ijumaa moja, baada ya sala, sheha, mkuu wa kijiji chetu, aliuliza ni nani wanaofukia makumbi katika tuta. Watu walitazama mikeka. Kila mmoja alikuwa ameinusa harufu, na hakuna aliyekuwa na kumbi.

Masika yalipokuja, shangazi alikuwa amekwisha kupandikiza. Mvua ilinyesha mfululizo, na alasiri moja tulilitazama tuta likifa. Kwanza maji yalichuruzika kwenye yale mashimo, meusi na mazito, kama usaha wa jipu. Kisha ubavu wote ukalegea, ukateremka. Maji yalipokwisha kupita, jaruba la shangazi lilikuwa limelala chini ya tope na makumbi yaliyooza. Hapakuonekana hata jani moja la mpunga.

Asubuhi jirani yetu na wenzake walikuja. Nilidhani wamekuja kusaidia, mpaka nilipoona mapakacha matupu. Kumbe kila mtu alikuwa amefunga mafungu yake ya makumbi kwa ukuti, kwa fundo lake mwenyewe, asije akaibiwa. Sasa walikuwa ndani ya jaruba wakivutana.

"Hili langu, tazama fundo!"

"Lako la kushoto. Huna macho?"

Shangazi alisimama katika tope lililomfika kwenye muundi. "Kumbe yana wenyewe," alisema. "Sheha alipouliza, nilidhani yamejifukia."

Jirani yetu akacheka peke yake.

"Hatoki mtu na kumbi hata moja mpaka aniletee miche ya kupandikiza."

"Miche yenyewe haba, Bi Mkubwa."

"Na tumbo langu je, haba?"

Akaketi juu ya lundo la makumbi, kanga yake ikanywa maji meusi, na hakuondoka. Walileta miche. Ilikuwa mabaki, ya manjano, mizizi imekatika, lakini tulisafisha jaruba tukaipandikiza. Mavuno yalikwisha kabla ya vuli. Tulikula muhogo.

Tuta halikujengwa tena. Makumbi yalirudi pwani, si kwa toba, bali kwa sababu hapakubaki tuta la kuchimba.

Baadaye jirani yetu alimletea shangazi bunda la kamba ili wapatane, naye akalipokea, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa kimelegea. Tulikiwamba pamoja. Zilikuwa kamba za makumbi yale yale, yaliyotolewa kabla ya wakati na kuoshwa kwa haraka. Kila hewa ilipokuwa na unyevu, chumba kizima kilinuka tuta.

"Kamba madhubuti," alisema shangazi, akajilaza.

Mimi nikauhamishia mkeka wangu kibarazani.