Kinu cha Bibi Kabula

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi, kule Kishapu, nilikuwa na uhakika wa mambo mawili: kwamba nina mbio kuliko mbuzi wote wa ukoo wetu, na kwamba mwanamume akikalia kinu atavimba korodani. La kwanza mbuzi wenyewe walilikanusha mapema. La pili nililiamini mpaka nikaota ndevu.

Bibi Kabula, mama yake baba, hakulisema kwa kututisha tu. Kinu kilikuwa chake, alikuja nacho alipoolewa na babu, na kwa mwanamume kukikalia ilikuwa ni kumdharau mama mwenye jiko. Ukitaka kukaa, kulikuwa na vigoda, magunia ya pamba, hata mawe.

Baba mdogo Luhende, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Segese. Akirudi, mji mzima unachangamka. Utani wake nimejaribu kuuiga maisha yangu yote, nikaambulia kitambi. Siku moja bibi alikuwa amekiosha kinu na kukipindua kikauke juani. Luhende akaja, akakikalia makusudi, akakunja nne kama mwenyekiti wa kijiji.

"Luhende! Toka hapo!"

"Mayu," akamwita mama yake kwa Kisukuma, "kumbe una kiti kizuri hivi? Niletee na chai basi."

"Utavimba, mwanangu. Na ukivimba, usiniambie mimi!"

Tulicheka wote. Bibi mwenyewe alicheka huku akimchapa mwiko wa mgongo. Yale maneno ya mwisho hakuna aliyeyaokota siku ile. Tulidhani hivyo.

Palizi ya mwaka uliofuata Luhende alirudi amekonda, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Alikaa kwa upande mmoja wa kigoda, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyokuwa akiigombania na sisi watoto hakuigusa.

"Una nini, Luhende?" bibi akamuuliza.

"Mgongo, mayu. Kazi za duara."

Baba, kaka yake, ndiye aliyembana mpaka akasema. Kumbe uvimbe ulianza kwenye korodani moja, mdogo kama punje ya karanga. Hauumi, ila anahisi uzito, kama kuna kitu kinamvuta. Alikaa nao Segese karibu mwaka mzima. Kuwaambia wachimbaji wenzake ni kujitafutia jina la utani mpaka kaburini. Na nyumbani, angeanzia wapi? Kusema "nimevimba" ilikuwa ni kurudi mbele ya mama yake na kukiri kwamba alimdharau, akaadhibiwa.

Baba alimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali Shinyanga mjini. Maneno ya daktari baba alinisimulia nilipokuwa mkubwa: "Hii ni saratani, na mgongo unauma kwa sababu imeshapanda juu. Angekuja ikiwa punje, tungeitoa korodani hiyo moja, na huenda leo angekuwa shambani kwake. Moja inayobaki inamtosha mtu, na watoto anapata."

Pamba ya mwaka ule tuliivuna tukiwa tumeshamzika. Alikuwa hajaoa.

Kijijini hakuna aliyesema saratani. Walisema kinu. Bibi alikibeba kile kinu mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, akakipindua, akakiachia mchwa. Hakutwanga tena. Mahindi alipeleka mashineni, karanga akasaga kwenye jiwe. Mara nyingine, akiwa anapeta au anafagia, ungemsikia anasema peke yake, "Mdomo wangu. Mdomo wangu huu."

Mimi nikaja kuwa dereva wa malori. Nimelala Lusaka, Lubumbashi na Kigali, nimetukanwa kwa lugha nisizozijua, na mtu aliyetembea sana hujiona ana akili. Safari moja nikapita Kishapu nikiwa na hotuba tayari.

"Bibi, kinu hakikumuua baba mdogo. Ule ni ugonjwa, unampata hata ambaye hajawahi kukiona kinu."

"Najua," akasema. "Nilijua zamani. Mimi sikililii kinu, mjukuu wangu. Mwanangu alikuwa anaumwa, nami nipo, na aliogopa kuniambia. Nilimkataza mwenyewe."

Hotuba yangu iliishia hapo. Bibi ameshatangulia.

Juzi hapa, nikishusha mzigo Bugarama, upande wa kushoto ukaanza kunivuta. Si maumivu hasa, ni uzito. Nikajiambia ni kiti cha lori. Nikajiambia ni umri. Nilipofika kwenye "ni mgongo tu", nikasikia kabisa sauti ya baba mdogo, nikaenda hospitali asubuhi ile ile.

Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko mwanangu. "Shikamoo, baba. Vua suruali." Marahaba niliiitikia nikiangalia dari. Akapima, akanipeleka kwenye kipimo cha picha, akakuta ni maji tu yamejaa.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Uvimbe wowote, hata usiouma, lazima uangaliwe. Na yakikushika maumivu makali ya ghafla, usisubiri hata kuche. Korodani ikijinyonga, saa chache tu inakufa."

Nilirudi kwenye lori. Kabla ya kuwasha nikampigia mwanangu wa kwanza, naye anachimba huko Geita. Nikamweleza yote, kwa majina yake, bila kuzunguka.

"Ah, baba! Mambo gani hayo ya kuongea kwenye simu? Niko na watu hapa."

"Waache wasikie. Ukivimba, ukiumwa, hata kama umekalia kinu cha mama yako, niambie mimi."

Alicheka. Kisha akasogea mbali na kelele za watu, nikamsikia anavuta pumzi.

"Baba," akasema, "hivi ikiwa ni uzito tu, nao unahesabiwa?"

Nikawasha gari, nikashika njia ya Geita.