Chupa Juu ya Meko

Ndolo hakuwahi kuharibu asali maishani mwake. Hilo watu wa Muthetheni walimkubalia, hata wale waliomwona kichwa kigumu. Asali aliitia kibuyuni, akaziba mdomo kwa gunzi la mahindi, akapaka nta, kisha akaipandisha kwenye uchaga wa juu ya meko, penye joto na moshi. Ikae mwaka, ikae mitatu, ukiishusha ni asali ile ile. Basi walipomwachia chupa ya waini, angeiweka wapi tena?

Waliomwachia ni wakwe. Lenny, kijana wa Syokimau, alikuja na wajomba zake kuleta mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishapokelewa binti huwa mke wa mtu. Mumo, bintiye Ndolo, siku hiyo alicheka hata na kuku. Chupa ilinyweka nusu, mjomba mkubwa akainuka.

"Hii nusu ingine mzee utatuwekea. Tukirudi kumaliza mahari, tunaimaliza pamoja."

Lenny alijaribu kurudisha kizibo, kikagoma, kimefura. Ndolo akamnyang'anya kwa utani, akakichonga kwa kisu, akakishindilia kwa kiganja, akatiririsha nta mpaka shingoni mwa chupa. Watu wakapiga makofi. Alikuwa na furaha, jamani, na hakuna wa kumnyima hiyo.

Mwaka haukuisha, Mumo akarudi na nguo zake kwenye gunia. "Baba, Lenny yuko na mwingine. Wanaishi kwa ile nyumba yetu."

"Hayo ni mambo ya vijana," Ndolo akasema. "Watakuja. Si waliacha waini yao hapa?"

Ungecheka, kama yasingekuwa maisha ya mtu. Kwa desturi yao, Mumo angekuwa huru pale tu baba yake angewarudishia wakwe mbuzi mmoja, mbuzi wa kukataa. Na mbuzi Ndolo alikuwa nao tele. Akatokea Ndunda, fundi wa pampu za maji kutoka Katelembo, mtu mpole aliyefiwa na mke. Alikuja mara ya kwanza, akaja ya pili. "Mzee, rudisha huyo mbuzi mmoja tu. Mimi niko tayari." Mumo mwenyewe alipiga magoti kumwomba. Ndolo akatia pamba masikioni. Alikuwa amempa mjomba neno lake, na chupa bado ilikuwa imezibwa.

Ndunda alingoja alivyoweza, kisha akaoa kwingine. Mumo hakulia mbele ya mtu. Aliendelea kupika chini ya ile chupa, mwaka baada ya mwaka, mpaka nywele za mbele zikaanza kuota mvi.

Kisha, Agosti hii, gari likasimama langoni. Mjomba mkubwa! Ndolo nusura aanguke kwa furaha. "Mumo! Leta glasi! Si nilikuambia?" Hakungoja hata salamu ziishe. Akaishusha chupa, nyeusi kwa masizi, akaibandua nta kwa kucha, akaking'oa kizibo, akammiminia mgeni.

Mjomba alionja, uso ukamkunjamana, akatema kando. "Mzee, hii imekuwa siki."

"Aiya! Haiwezekani. Niliziba mimi mwenyewe."

"Na si hiyo imetuleta." Mjomba akatazama viatu vyake. "Lenny anataka kufunga harusi kanisani na mama ya watoto wake. Padri amekataa mpaka hii ya hapa iishe. Tumekuja kuomba mbuzi wa kukataa."

Ndolo akaionja mwenyewe. Ilimchoma koo. Aibu ikampanda hata akashindwa kuinua macho.

Mbuzi akafungwa kamba, gari likaondoka. Ndolo akabaki kibarazani na binti yake.

"Mwanangu, sasa uko huru," akasema. "Yule Ndunda..."

"Ndunda ako na mtoto wa pili, Baba."

Mumo akaokota kizibo chini, akakipangusa kwa leso, akakirudisha mdomoni mwa chupa na kukisukuma kwa kiganja, kama alivyomwona baba yake siku ile. Ndolo akamwambia aimwage.

"Acha ikae," Mumo akasema. "Mimi pia nimekaa."

Akaingia nayo jikoni, akaipandisha juu ya meko, akainama kupuliza moto wa chakula cha jioni.