Kamba ya Shoto

Pale Menz, juu milimani, hakuna aliyemfikia Askale kwa kusokota kamba, lakini sifa hiyo haikumtosha. Roho ilimuuma kwa paa la wifi yake Wubalem. Mwaka mbuga ya kijiji ilipofunguliwa watu wakate nyasi za kuezekea, Askale alikuwa uzazini, wifi akakata nyasi za guassa akaezeka paa nene lisilopitisha hata tone. Askale yeye, mvua ikinyesha, anakinga kwa vyungu vitatu.

"Wifi, njooni mlale kwangu, huko mtazama majini!" Wubalem alimtania.

"Lala mwenyewe na paa lako," akajibu, akicheka kwa meno tu.

Sasa mbuga ilikuwa imefungwa mwaka wa nne. Ndiyo sheria waliyoachiwa na mababu: hakuna mundu wala ng'ombe mpaka nyasi zifike kiunoni na wazee watangaze siku. Serikali ya mapinduzi ilipoifuta, kila mtu alifyeka atakavyo. Chemchemi zikapungua, na mbweha wekundu wanaowinda panya wa mbugani wakaadimika. Wanakijiji waliporudisha sheria waliapa kwamba nyumba itakayoiba haitakata siku ya kufunguliwa.

Kutwa Askale alimchokonoa mumewe, Shibeshi. "Dada yako analala pakavu. Wewe mwanamume gani?"

Jumapili moja akaenda kwa wifi kuomba chachu ya mkate wa injera. Nyuma ya zizi akaona mzigo wa guassa, mbichi kabisa. Jamani, furaha aliyoipata! Chachu aliisahau. Mbio hadi kanisani, watu ndio wanatoka.

"Wubalem mwizi! Njooni mjionee!"

Watu wakaja. Wubalem akaapa kwamba haujui mzigo ule.

"Mwongo mkubwa!" Askale akapayuka.

Mzee Tekalign, mkuu wa walinzi wa mbuga, hakuzijali nyasi. Aliinama, akaipapasa kamba iliyozifunga.

"Hii imesokotwa kwa mkono wa kushoto," akasema. "Hapa kwetu msokotaji mwenye shoto ni nani?"

Wote wakamgeukia Askale. Naye akamtafuta mumewe. Shibeshi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ulinichosha, mke wangu. Nikazikata usiku, nikazificha hapa zikauke, dada hana habari."

Siku mbuga ilipofunguliwa, Askale alisimama mpakani mikono mitupu, akihesabu mizigo ya wifi yake. Kwenye wa tano Wubalem akamjia, jasho linamtoka.

"Wifi, kamba zimeniishia. Huna hata moja?"

Alikuwa nayo, kajifunga kiunoni. Akaifungua akampa, kisha akaendelea kuhesabu: wa sita.